Andikeni Tarehe Kwenye Nota

Mhadhara kwa walimu wa kwaya na wanakwaya, Bukoba, mwezi Novemba. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, walimu wenzangu, wanakwaya, wazazi na ndugu zangu mliokubali kutoka nyumbani Jumamosi yenye mvua kama hii, asanteni. Mwenyekiti alinipa mada ya "Umuhimu wa Kwaya katika Familia". Umuhimu mnaujua. Msingekuwa mnaujua msingekuja mazoezini kila wiki bila posho wala nauli, halafu Jumapili mkaulizwa kwa nini wimbo wa matoleo ulikuwa mrefu. Kwa hiyo, mwenyekiti utanisamehe, mada nimeipunguza. Nina jambo moja tu la kuwaomba: andikeni tarehe kwenye nota zenu. Tarehe, shughuli, na nani aliimba sauti gani. Ili mnielewe itabidi kwanza nipitie wiki ya kwanza ya mwezi huu, jinsi ilivyokuwa nyumbani kwetu.

Familia zetu mnazijua zilivyo. Huyu yuko Dar es Salaam, yule Arusha, mwingine Mwanza. Kufika huku ni basi refu au meli ya usiku, na nauli ya mtu na mkewe na watoto si ya mchezo. Basi tukishakutana, tunamaliza yote kwa mkupuo. Mwaka huu yalikuwepo manne: kitoto cha mdogo wangu kibatizwe, dada yetu wa kwanza na shemeji wafanye jubilei ya miaka 25 ya ndoa, binti yetu aliyemaliza uuguzi apongezwe, na marehemu baba afanyiwe misa ya kumbukumbu na kaburi lake, ambalo sasa limejengewa, libarikiwe. Kamati ya familia, maana siku hizi hakuna familia isiyo na kamati na kundi la WhatsApp, ikaona njia ya mkato. Yote siku moja, tarehe 2 Novemba. Turubai moja, viti vya kukodi mara moja, ng'ombe mmoja.

Padre akakataa. Tarehe 2 Novemba Kanisa linawaombea marehemu wote, na siku hiyo Misa ya ndoa haina nafasi, hata ya jubilei. Utukufu, ule wimbo wa shangwe wa Misa, hauimbwi. Shangazi alinung'unika kuhusu turubai mpaka jioni, lakini mimi moyoni nilimshukuru padre, kwa sababu nimeshaona inavyokuwa tukichanganya. Mmeona na ninyi. MC anasema, "Tusimame dakika moja tumkumbuke mzee wetu." Watu wanasimama, mwenye simu anazima, mwenye soda anaificha nyuma. Sekunde ishirini hazijaisha: "Haya tukae, muziki tafadhali!" Mzee aliyelea watoto saba na kufundisha kwaya maisha yake yote anapewa nafasi kati ya keki na zawadi.

Kwa hiyo kila jambo likapewa siku yake. Na kwaya iliyoimba siku zote ni ileile: kwaya ya kigango chetu, watu wachache, kinanda kimoja kinachotumia betri umeme ukikatika. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu tumezoea kuiona kama kawaida. Mtu yuleyule aliyekuwa akipiga vigelegele kwenye ubatizo, keshokutwa yake alisimama kaburini kwenye migomba akiimba sauti ya pili. MC hawezi. Spika za kukodi haziwezi. Ukizitoa kwenye jubilei ukazipeleka kaburini watu wanaona aibu. Kwaya inaweza, na watu hawashangai.

Lakini inaweza ikiwa inajua kazi. Walimu, niruhusuni niseme mambo ya ufundi kidogo.

Kosa letu kubwa kwenye Misa za marehemu ni kuburuza. Tunadhani huzuni ni mwendo wa polepole. Wimbo ulioandikwa uende tunauvuta, pumzi zinaisha katikati ya neno, sauti zinashuka, na tukifika ubeti wa tatu mpiga kinanda anatafuta ufunguo wetu hauoni. Mwenye majonzi koo limembana. Hana pumzi ya kuvuta. Mpeni mwendo wa kawaida, mshusheni nusu sauti ikibidi, na mpokezane pumzi: wawili wakivuta hewa, wengine washike. Kinanda nacho kikae mahali pake. Hati ya Roma ya mwaka 1967 kuhusu muziki katika liturujia, Musicam Sacram, inasema ala zisipigwe peke yake katika Misa za marehemu. Hata kama isingesema, ndugu zangu, ile midundo ya kubonyeza inayotoka na kinanda kutoka dukani, kaburini tuiache. Nasema kwa upendo. Wapiga vinanda naona mnatazamana.

Na la pili: mfiwa akiwa mwanakwaya, msimweke mbele aimbe peke yake. Watu wanapenda kuona mtoto akimwimbia mzazi wake, wanatoa simu warekodi. Mwacheni asimame na sauti yake. Mimi tarehe 2 nilisimama na besi, pembeni kushoto, aliposimama baba miaka yote. Ubeti wa kwanza sikutoa hata noti moja. Hakuna aliyejua, kwa sababu jirani zangu wawili waliubeba. Wa pili nikaingia. Ningekuwa mbele na maikrofoni, kigango kizima kingekuwa kinanitazama mimi badala ya kumwombea mzee.

Sasa nota.

Usiku wa kuamkia jubilei mama alitoa sandukuni kauntabuku la baba. Baba alikuwa katekista na mwalimu wa kwaya. Nota zake zote aliziandika kwa solfa, yaani herufi za do-re-mi, kwa mkono. Nimekuja nalo, hili hapa. Wa nyuma hamwezi kuliona, nitawaelezea. Jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, kona zimeliwa na mende. Ndani, kila wimbo una mistari minne ya herufi, sauti ya kwanza juu, besi chini. Nukta mbili zinatenga mapigo. Nukta moja inagawa pigo katikati. Kistari ni shikilia. Amezipanga nukta zikakaa chini ya nukta, ukurasa hadi ukurasa, na bado naona alama ya rula aliyoichora kwa penseli kisha akafuta. Vijana mliozoea nota za kompyuta mkilishika mtaona kwamba kupanga pigo chini ya pigo kwa peni, bila kukosea, kwa sauti nne, ni kazi ya usiku mzima.

Solfa hii ilianzia Uingereza. Mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, aliibuni kwa ajili ya kufundisha watoto, na katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Wamisionari waliipenda kwa sababu rahisi: inaandikwa kwa herufi za kawaida. Haihitaji karatasi yenye mistari mitano wala kiwanda cha uchapaji cha muziki. Mwenye peni na daftari anatosha. Ndiyo maana Afrika nzima kusini na mashariki tuna watu wasiojua kusoma nota za mistari, lakini ukiwapa solfa wanakuimbia sauti nne kabla chai haijachemka.

Lakini mwandiko mzuri sio uliotukalisha hadi usiku wa manane. Chini ya kila wimbo baba ameandika kwa penseli mstari mmoja au miwili. Nasoma mmoja: "Noeli 1978. Besi wawili, wengine vitani. Wageni wa ng'ambo ya mto wanne, sauti ya pili."

Wazee hapa mmeshaelewa. Vijana, mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliokuwa ng'ambo ya mto walikimbia huku na vitoto mgongoni, wengine hawakufika. Wanaume wa kwetu walikwenda. Vita vile mmevisoma shuleni: mwaka, jeshi, Kampala kuanguka Aprili 1979. Ukivisoma kwenye kauntabuku la mwalimu wa kwaya, vita ni besi wawili. Kwaya iliimba Noeli ikiwa na besi wawili na wageni wanne wa sauti ya pili.

Mdogo wangu akauliza, "Hao wageni ni akina nani?" Mama alikuwa anachambua senene kwenye ungo, mnajua Novemba hii watoto hawakai ndani, taa ikiwaka wako nje wanakimbizana nao hata katikati ya rozari. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mmoja ni mimi."

Sisi tulijua mama ametoka ng'ambo ya mto. Tulijua alikimbia vita. Jinsi alivyokutana na baba hatukuwahi kuambiwa. Kwetu mambo hayo mtoto haulizi. Kumbe alifika Novemba akiwa na kanga aliyovaa, akapokewa kwenye nyumba ya jirani, na jirani huyo alikuwa mwanakwaya. Alipelekwa mazoezini ili asikae peke yake akilia. "Nilikuwa sijui solfa," akasema, "nilikuwa nafuata tu mdomo wa mwenzangu. Baba yenu akanifundisha." Baada ya hapo akarudi kwa senene wake. Dada, ambaye kesho yake alikuwa anafanya jubilei ya ndoa yake, ndiyo kwanza anajua ndoa iliyomzaa ilianzia kwenye sauti ya pili. Tulifunua kurasa zilizofuata tukaikuta na ndoa yao, mstari mmoja wa penseli kama nyingine zote, na chini yake: "Nimeimbiwa. Sikuongoza mimi."

Kwenye wasifu tuliousoma siku ya mazishi yake, haya hayakuwemo. Wasifu ulikuwa na tarehe ya kuzaliwa, shule, vyeo vya parokia, ugonjwa, hospitali, na idadi ya wajukuu. Yote ya kweli. Tuliuandika usiku mmoja, watoto watano tukiwa tumechoka, na kila mmoja aliandika alichokijua.

Nimesikia hoja kwamba nota za leo haziwezi kupotea kwa sababu ziko kwenye simu. Jamani. Fungua simu yako sasa hivi utafute wimbo mlioimba Kristo Mfalme ya mwaka juzi. Utaupata, ndiyo. Una jina la mtunzi juu. Una tarehe aliyoutunga, kama ni mtunzi mwangalifu. Kwamba kwaya yako iliuimba, lini, nani alikuwa anaumwa, nani ndiyo kwanza anajiunga, hakuna. Faili hilo ni lilelile kwa kwaya ya Bukoba na ya Songea.

Na madaftari nayo yanapotea, sitawadanganya. Wimbo wetu wa taifa tumeurithi kutoka kwa mwalimu wa kwaya. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga sauti ambayo Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliichukua na kuiimba Mungu ibariki Afrika. Mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa 1899, kwenye kuwekewa mikono mchungaji. Nyimbo zake alikuwa akiziandika kwenye daftari. Walimu wa kwaya wenzake waliazima, likapita mikononi mwa watu, na mpaka leo halijapatikana. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Kaburi lake nalo lilipotea kwa miongo mingi. Waliokuja kulitafuta walitafuta jina Sontonga, na kwenye kitabu cha makaburi ya Braamfontein alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Mwaka 1996 ndipo serikali ya Mandela ikalitangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Hebu fikirini: mtu ambaye nchi nzima inasimama wima kuimba sauti yake, kaburi lake halikujulikana miaka yote hiyo kwa sababu ya jina moja kitabuni. Angekuwa na mwanakwaya mmoja aliyeandika kwa penseli tulimzika wapi na tuliimba nini!

Kwa hiyo ombi langu kwa makatibu wa kwaya. Msianzishe kitu kikubwa, msiunde kamati. Kila wimbo mnaouimba kwenye shughuli ya familia, kwenye nakala moja tu, ile inayobaki kabatini, andikeni mstari mmoja. Ubatizo wa mtoto wa nani. Jubilei ya nani. Mazishi ya nani, na alikuwa akiimba sauti gani kama alikuwa mwenzetu. Tumieni penseli; peni ikilowa mvua inafutika. Kwenye Misa ya kumbukumbu ya mwanakwaya, imbeni kitu kimoja alichokiimba yeye, na kama nota zake zipo, imbeni kutoka hizo.

Mama mmoja aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza: yeye ana madaftari ya marehemu mumewe, panya wameanza kuyala, ayapeleke wapi? Nimeshazungumza na Baba Paroko. Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili mashine ya kutoa kopi ya ofisini itakuwa wazi hadi saa nane mchana. Leteni chochote kilichoandikwa kwa mkono. Tutatoa kopi mbele ya macho yenu na daftari mtarudi nalo nyumbani siku ileile. Msiliache ofisini, hata mkiambiwa mliache. Anayependa kulitazama hili la baba aje hapa mbele sasa, ila mikono iwe mikavu. Mwalimu wa besi, wewe umeuliza kuhusu kushusha ufunguo. Njoo na nota yako tuitazame.