Flaiwili nyepesi kwenye Datsun 240Z: weka alama kwanza!

Mwagonile wadau! Leo tuko gereji kwetu Mwanjelwa, Mbeya, na mgonjwa wetu ni huyu mkongwe, Datsun 240Z. Wazee wa Safari Rally wanamjua: alishinda 1971, akarudi akashinda tena 1973. Mwenye gari anataka akigusa mafuta tu liruke, kwa hiyo tunapunguza uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini.

Kushusha gia boksi sikuonyeshi, lile pale chini. Presha pleti, ile inayobana klachi kwenye flaiwili, bado imefungwa. Usiguse bolti! Dogo, sogeza kamera... hapo. Chukua senta panchi, kile chuma chenye ncha, gonga nukta kwenye presha pleti na nyingine kwenye flaiwili, zitazamane. Halafu flaiwili na kitako cha krenki shafti, mhimili wa injini unaoizungusha, hivyohivyo. Mara ya kwanza mimi niliweka alama kwa chaki. Nikaosha na petroli, chaki ikaondoka. Nikafunga kwa kubahatisha, gari likatetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani lori moja naliona mawili. Gia boksi ikashuka tena, kwa hela yangu. Nukta, jamani. Chaki hapana.

Mzani nimeazima kwa mama wa viazi hapo nje. Flaiwili ni kilo kumi na kidogo. Mama, nakurudishia sasa hivi!

Sasa, wapi pa kukata? Funga jiwe kwenye ncha ya fimbo, uizungushe. Kisha lisogeze jiwe katikati, uizungushe tena. Umesikia mkono ulivyopumua? Uzito ukiwa mbali mara 2, ugumu wa kuuzungusha unapanda mara 4. Kwa hiyo fundi wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, anakula chuma cha ukingoni, upande unaotazama injini. Uso wa klachi aache, kwenye matundu ya bolti aache. Na asiwe mlafi: hiki ni chuma cha kumwaga, kikiwa chembamba mno kinaweza kupasuka injini ikizunguka kasi, na miguu yako iko palepale.

Subirini lori lipite... haya. Imerudi, kilo saba na nusu. Inapigwa balansi, yaani uzito unasawazishwa pande zote, pamoja na presha pleti, nukta kwa nukta. Ukifunga, nukta kwa nukta. Nimesema mara ngapi? Klachi pleti ikae katikati, la sivyo gia boksi haiingii, mtasukumana nayo hadi jioni.

Tumewasha. Sikia resi, inapanda kama pikipiki! Ila nisikudanganye, nguvu ya injini haijaongezeka. Gia ya kwanza na ya pili injini inapandisha mizunguko haraka, na hapo ndipo flaiwili nzito ilikuwa inakula nguvu kujizungusha yenyewe. Gia ya nne utaisikilizia tu, tofauti ni ndogo. Na sailensa, ule mzunguko wa injini usipogusa mafuta, imeanza kucheza, kwa hiyo nimeipandisha kidogo. Mimi kwa gari la kwenda sokoni nisingeigusa flaiwili kabisa.

Twende Mlima Iwambi. Foleni imesimama, tunapanda, tumo katikati ya mlima, naachia klachi kama nilivyozoea... imezima. Uzito uliokuwa unanibeba nimeuacha kwenye lethi. Na huku juu Mbeya hewa ni nyepesi, injini yenyewe imeshapungukiwa. Resi zaidi, klachi taratibu... imezima tena. Dogo, zima kamera, huyu wa nyuma anapiga honi.