Injini ya 5A: Tufumue au Tubadilishe? Pima Kompresheni Kwanza

Habari zenu wadau. Niko gereji hapa Mwanjelwa, Mbeya, saa mbili asubuhi, na baridi ya mwezi wa saba mnaiona mdomoni kwangu, naongea huku natoa moshi kama gari mbovu. Leo ni lile swali la kila siku: fundi, injini imechoka, tuifumue au ninunue nyingine?

Niseme mapema. Zile injini tatu nyuma yangu, zilizokaa juu ya matairi, ni za mtumba kutoka Japani na ninaziuza. Kwa hiyo ukinisikia nasema usinunue, ujue najinyima ugali mwenyewe.

Gari letu ni Corolla 110, injini 5A. Ni ya mama mmoja anayeleta maparachichi kutoka Tukuyu. Huko alikotoka ameambiwa injini imekufa, atafute nyingine. Sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka, mlimani haivuti, na maji ya rejeta yanapungua.

Dogo, washa. Haya, njooni nyuma tuone moshi. Mweupe, si ndiyo? Usikimbilie kulia. Asubuhi ya Mbeya kila gari inatoa mweupe, ni mvuke tu. Ngoja injini ipate moto. Ukiendelea kutoka mweupe mzito, na rejeta inaomba maji kila siku, hapo kuna maji yanaingia ndani ya silinda.

Wa bluu ni oili inaungua, lakini angalia inaungua wakati gani. Ukiteremka Iwambi kwenda Mbalizi umeachia mafuta, gari imejizuia kwa gia, halafu kule chini ukikanyaga ndiyo linatoka wingu la bluu mara moja na kuisha, hizo mara nyingi ni sili za vavu. Ni kazi ndogo. Lakini kama unapanda Kitonga na mzigo na bluu inakufuata mlima mzima, hizo ni ringi, zile pete za pistoni, au silinda zimelika.

Sasa kipimo cha kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Injini ikiwa ya moto toa plagi zote nne, chomoa waya wa distributa, toa fyuzi ya EFI ili petroli isimwagike ndani. Haya yako wazi, siyarudii. Funga geji kwenye tundu la kwanza, kaza kwa mkono.

Hapa sikilizeni. Mtu wa ndani akanyage mafuta MPAKA MWISHO kabla hujapiga stata, na asiachie. Kama hajakanyaga, hewa haiingii ya kutosha na geji itakudanganya. Nimesema kabla ya kupiga stata.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipoanza kazi, mzee mmoja aliniletea gari, nikapima peke yangu, mkono mmoja kwenye swichi, mguu niko nje. Silinda zote zikasoma 95, kwa PSI, kama namba zote za leo. Nikamwambia mzee injini imekwisha, akanunua nyingine. Ile ya zamani nikaja kuifungua niuze spea. Kwenye kuta za silinda ile mistari myembamba ya kiwandani, inayokatizana kama wavu, ilikuwa bado inaonekana. Nimeketi pale chini na hedi mkononi, sina la kusema. Hela ya ufundi nilimrudishia, ya injini sikuwa nayo.

Haya dogo, piga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita... ngoja. Kamera sogea. 90? Dogo, umekanyaga? ... Mnaona? Hajakanyaga! Na nimeongea dakika nzima. Bahati nzuri kamera imeona. Rudia, kanyaga mpaka chini. Piga. 155. Gari ni ileile, tundu ni lilelile.

Sasa utaniambia, fundi, kitabu kinasema karibu 190. Sawa, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Hapa tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na geji inashuka nayo. 155 Mbeya ni injini nzima. Ukipeleka namba ya Mbeya kwa fundi wa Dar bila kumwambia ulipimia wapi, atakuuzia injini. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi 14.

Ya pili: 150. Ya tatu: 100. Hee. Kanyaga tena, rudia. 100. Ya nne: 105. Betri bado ina nguvu, stata inazunguka vizuri, kwa hiyo hapa hatusingizii betri.

Mimina oili kama kijiko kimoja cha chakula kwenye ya tatu, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinavujisha, oili imeziba kwa muda. Hapa... 105. Haijapanda kitu. Na hizi mbili mbovu zimepakana, ya tatu na ya nne. Wadau, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki, imeungua katikati yao, zinapeana pumzi. Ndiyo maana inatetemeka, ndiyo maana inakunywa maji.

Na ninajua ilivyoanza. Themostati, ile inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, haipo, kuna mtu aliitoa ili gari isichemshe. Mbeya hii yenye baridi! Injini inakaa ya baridi, inakula petroli na kulika bure. Halafu mfuniko wa rejeta raba imekatika. Kwetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mfuniko usiobana ni kuitafutia gari jipu.

Kwa hiyo hii tunatengeneza. Hedi inaenda karakana kupimwa kama imepinda, isawazishwe, gasketi mpya, themostati irudi, mfuniko mpya.

Ningesema badilisha kama ningekuta vyuma vinang'aa kwenye oili, inanoki chini, au konrodi imetoboa bloki. Krenki ikishachimbika, pamoja na kuchonga silinda, pistoni, ringi na beringi, andika bei zote kwenye karatasi, uweke pembeni bei ya ya mtumba. Na hiyo ya mtumba ipime hivihivi kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Ukishafunga, namba ya injini haitafanana na kadi ya gari, kwa hiyo pita TRA wabadilishe taarifa.

Mama nimempigia. Kaniuliza mara mbili, "Kwa hiyo sinunui, baba?" Hununui, mama. Dogo, leta spana ya 10, tuanze na kava. Na zile tatu nyuma yangu bado zipo, mwenye bloki iliyotoboka aje.