Miguu Inayowaka Usiku: Mhadhara kwa Wenye Kisukari na Wanaowauguza

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru walioniita, na zaidi nyinyi mlioacha shughuli zenu na joto hili la Mombasa mkaja kusikiliza habari za nyayo. Mimi ni mfamasia. Nasimama nyuma ya kaunta, na hapo nayasikia mengi ambayo daktari hakuambiwa.

Ninalolisikia zaidi ni hili. Mzee analalamika miguu, daktari anamwandikia dawa, nampa. Wiki haijaisha amerudi, na uso umekunjana. Mjukuu amemsomea kikaratasi kilichomo ndani ya boksi: "Babu, hii ni dawa ya kifafa." Au bibi ameambiwa hizi hupewa watu wenye huzuni kali. Basi boksi linapandishwa juu ya kabati, na mgonjwa anakuja kuniomba diklofenaki. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya boksi hilo.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huziharibu neva zenyewe, yaani mishipa ya fahamu, na huviharibu pia vijishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu ndizo zinazotangulia kuumia, ndiyo maana mambo huanzia vidole vya miguu yakapanda polepole. Yakikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza. Karibu nusu ya wenye kisukari hufikwa na madhara haya katika maisha yao. Si wote huumwa. Kuna wanaokufa ganzi tu, na kuna wanaopata yote mawili, jambo linalowashangaza wengi: mguu ule ule usiohisi mwiba mchana, usiku unawaka moto. Mwingine atakwambia anachomwachomwa sindano, mwingine umeme unampiga, mwingine hawezi hata shuka imguse kidole.

Sasa, diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu yanayotokana na uvimbe au jeraha. Hapa jeraha halipo. Neva iliyoharibika inapeleka habari za maumivu bila sababu, kama king'ora cha gari kinacholia usiku wa manane na mwizi hayupo. Ukimeza dawa ya uvimbe hujakigusa king'ora. Tena unajidhuru, maana figo za mwenye kisukari tayari zimebebeshwa mzigo, na dawa hizi zikitumiwa kila siku huziongezea. Nikiwa na uwezo wa kuondoa tabia moja tu mjini humu, ningeondoa hii ya kununua diklofenaki ya miguu mwaka mzima.

Dawa zinazofaa ni zile zinazotuliza neva na kupunguza zile habari za uongo zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Ziligunduliwa kwa kazi nyingine. Amitriptilini na duloksetini zilikuwa za huzuni; gabapentini na pregabalini zilikuwa za kifafa. Kuandikiwa mojawapo hakumaanishi daktari ameona akili yako ina kasoro. Ni dawa moja yenye kazi mbili, na kwa amitriptilini, dozi ya maumivu kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya huzuni.

Ipi bora? Mwaka 2022 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti uliowachukua wagonjwa 130 katika vituo 13. Walianzishiwa amitriptilini, au duloksetini, au pregabalini, na isipotosha wakaongezewa ya pili. Hakuna iliyozishinda nyingine. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yalikuwa 6.6 kwa wastani. Baada ya wiki 16 yalikuwa 3.3. Hebu itazameni hiyo namba vizuri. Ni nusu. Hawakuambiwa yatakwisha, na mimi siwaahidi yatakwisha. Lakini mtu ambaye hajalala miezi, ukimpunguzia nusu, analala.

Kwa kuwa nguvu zao zinalingana, kinachochagua dawa ni mwili wako na mfuko wako. Amitriptilini ni ya bei nafuu na inaleta usingizi, kwa hiyo hunywewa usiku, kuanzia miligramu 10 au 25. Inakausha mdomo na inafunga choo. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo, na mwenye matatizo ya mapigo ya moyo haimfai. Anayeitumia akiamka usiku kwenda msalani, aketi kwanza kitandani, maana inaleta kisunzi. Duloksetini hutia kichefuchefu siku za mwanzo, nafuu ukiinywa na chakula, na mwenye ugonjwa wa ini asiiguse. Pregabalini na gabapentini huzubaisha, huongeza uzito na huweza kuvimbisha miguu. Zinatoka mwilini kupitia figo, hivyo figo zikiwa dhaifu dozi lazima ipunguzwe. Wewe unayeendesha tuktuk au bodaboda, usiingie barabarani mpaka ujue dawa inakufanyaje.

Na zote zinataka subira. Huanza kidogo, hupandishwa taratibu, na haki yake ni kupewa wiki kadhaa kwenye dozi ya kutosha kabla ya kusema imeshindwa. Wengi wanaoniambia "haikunisaidia" walikunywa dozi ya kuanzia, siku nne. Ukitaka kuacha, usiache ghafla; rudi ushushiwe.

Kuna dada ameuliza kuhusu Ramadhani. Swali zuri, nalo liulizwe mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu kwanza daktari aamue kama sukari yako inakuruhusu kufunga. Kwa dawa za neva, amitriptilini haina shida, inanywewa usiku. Pregabalini ya mara mbili yaweza kupangwa futari na daku. Gabapentini ya mara tatu ndiyo inayosumbua, na hapo huenda ukabadilishiwa. Usijipangie mwenyewe kwa kuzimeza mbili kwa pamoja.

Krimu ya kapsaisini ipo pia, yaani kile kinachoifanya pilipili iwashe. Hupakwa mara kadhaa kwa siku kwa wiki kadhaa, mwanzoni inachoma kwelikweli, na haipakwi penye kidonda. Tafadhali msiende Marikiti kununua pilipili mkasaga nyumbani. Nacheka, lakini nimeshaona ngozi iliyobabuka. Tramadoli na wenzake, zile dawa kali za maumivu, naziweka mbali: miongozo ya sasa inashauri zisitumiwe kwa maumivu haya, kwa sababu mtu huzoea na kuzitegemea.

Vitamini nazo. Kila mtu anataka sindano ya vitamini. Ukitumia metformini, ile dawa ya kisukari, kwa miaka, vitamini B12 inaweza kushuka, na upungufu wake huleta ganzi na kuchomwachomwa vilevile. Omba upimwe, ikiwa imepungua, kuirudisha ni tiba hasa. Lakini vidonge vya mchanganyiko wa B vikinywewa ovyo si salama kama mnavyodhani: B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva.

Nisieleweke vibaya. Katika yote niliyotaja, ukiacha hiyo B12, hakuna inayoponya neva. Zinatuliza tu. Kinachozuia uharibifu usiendelee ni kuidhibiti sukari, na hilo linarudi kwenye mahamri, chai ya tangawizi yenye vijiko vitatu, na sahani ya wali ambayo hatuipunguzi hata tukishauriwa. Ila sukari iliyokuwa juu sana ishushwe kwa mpango wa daktari. Ikiporomoka haraka mno katika wiki chache, maumivu ya neva huweza kuzuka au kuzidi, na mtu akadhani insulini ndiyo mbaya, akaiacha.

Na maumivu yakitulia, mguu bado una ganzi. Mchanga wa pwani saa saba mchana unaunguza nyayo na hujui. Maji ya kuoshea miguu yapime kwa kiwiko. Ukivua viatu mlangoni mwa msikiti, ukitoka vikung'ute kabla ya kuvaa, na ukifika nyumbani tazama nyayo, kwa kioo au umwite mtoto akutazamie.

Naona saa imetutupa mkono. Wauguzi wako chumba cha pili wana uzi wa kupimia hisia za nyayo, hauchomi. Mlioleta dawa zenu kwenye mifuko, njooni hapa mbele nizione moja moja, hata zile zilizokaa juu ya kabati. Tuanze na wazee.