Shangwe na Kilio Anapouawa Kiongozi wa Vita: Mhadhara Uliotolewa Iringa

Waheshimiwa wazee wetu, viongozi wa dini, walimu wenzangu na wanafunzi, kamwene.

Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo katika miaka hii ya karibuni limezua mabishano makali hata katika vijiwe vyetu vya Miyomboni na Mlandege, nalo ni namna watu wanavyoipokea habari kwamba kiongozi wa kundi lenye silaha ameuawa wakati vita vikiwa bado vinapiganwa. Sikuja kuwafundisha nani alistahili kufa na nani hakustahili. Mimi ni mwalimu wa historia, na kazi yangu ni kuuliza shangwe na kilio vinatuambia nini, na ni kitu gani ambacho haviwezi kutuambia hata tukivisikiliza kwa makini kiasi gani.

Jioni ya tarehe 27 Septemba 2024 ndege za Israel zilidondosha mabomu mazito juu ya makao ya Hizbullah, kundi lenye silaha la Lebanon, yaliyokuwa chini ya ardhi katika vitongoji vya kusini mwa Beirut, na kesho yake Hizbullah yenyewe ikathibitisha kwamba Hassan Nasrallah, aliyekuwa katibu mkuu wake tangu 1992, amekufa. Serikali ya Lebanon ilitangaza siku tatu za maombolezo, na watu walilia hadharani barabarani. Siku hiyohiyo, katika mji wa Idlib kaskazini-magharibi mwa Syria, watu walimiminika mitaani wakishangilia na kugawiana peremende. Hapa kwetu niliwasikia vijana wakishindwa kuelewa jambo hilo, kwa sababu walikuwa wamezoea kuugawa ugomvi wa Mashariki ya Kati katika mafungu mawili tu, Waislamu upande huu na Wayahudi upande ule, na sasa wanawaona Waislamu wanamshangilia adui wa Israel aliyeuawa na Israel.

Lakini Idlib ilikuwa imejaa watu waliofukuzwa makwao. Hizbullah ilipeleka wapiganaji wake Syria kumsaidia rais wa huko, Bashar al-Assad; mwaka 2013 ilishiriki kuuteka mji wa Qusayr, na baadaye ikashiriki kuuzingira mji wa Madaya, ambako raia walikufa kwa njaa. Mtu aliyemzika mzazi wake kwa sababu ya mzingiro ule hakuwa na haja ya kuipenda Israel ili afurahi. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe na Nasrallah, hesabu iliyofunguliwa zamani, na mwanamke wa kusini mwa Lebanon aliyemwona Nasrallah kama mtu aliyewatoa Waisraeli kijijini kwake mwaka 2000 alikuwa na hesabu nyingine kabisa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli kuhusu maisha yao.

Hoja yangu leo, kwa hiyo, ni hii: shangwe na kilio ni ushahidi wa yaliyokwisha kupita, yaani marehemu aliwatendea nini hao wanaoshangilia na hao wanaolia, na wala si utabiri wa vita vitakavyokwenda. Kosa linalofanywa na watu wa kijiweni, na pia na serikali kubwa zenye majasusi na mitambo, ni kuitazama sura ya umati wa siku ile na kudhani wameiona kesho.

Tazameni habari ya Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda. Alipouawa Abbottabad, Pakistan, tarehe 2 Mei 2011, umati ulikusanyika mbele ya Ikulu ya Marekani na mahali palipokuwa na majengo pacha ya New York, na wengi katika umati huo walikuwa vijana wa vyuo vikuu ambao walikuwa watoto wadogo mwaka 2001, watu karibu 3,000 walipouawa kwa siku moja. Msemaji wa Vatikano, Padri Federico Lombardi, alikumbusha siku hiyo kwamba Mkristo hafurahii kamwe kifo cha binadamu. Ni neno zito na ninaliheshimu, lakini nakiri kwamba siwezi kumsomea mtu aliyepoteza mtoto wake. Nisichokubaliana nacho ni furaha ya kuazima: kijana wa Iringa ambaye hakupoteza ndugu wala hakuwahi kumwogopa marehemu, anasambaza picha ya maiti kwenye simu yake huku ameweka alama za kucheka. Huyo hana hesabu yoyote na marehemu, ila ameokota ugomvi wa wenzake akaufanya ushabiki wa mpira.

Wala tusidhani kwamba sisi Watanzania hatuna hesabu zetu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa na watu 11 wakafa, saa ileile ambapo Nairobi waliuawa zaidi ya watu 200. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro aliyetuhumiwa kuwa miongoni mwa wapangaji wa mashambulizi hayo, aliuawa Mogadishu Juni 2011 katika kizuizi cha barabarani cha wanajeshi wa serikali ya Somalia, wiki chache tu baada ya bin Laden. Ukikutana na mtu aliyempoteza nduguye Dar es Salaam siku ile, mwache aseme la moyoni mwake kuhusu Fazul, hata kama halitapendeza masikioni mwako.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mkoa huu una mfano ambao tumeuzoea mno hata hatuutazami vizuri. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa Oktoba 1894, naye akaendelea kuwasumbua kwa vita vya msituni karibu miaka minne, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi akiwa amekwisha kufuatiwa karibu, huko Mlambalasi. Wajerumani walikikata kichwa chake. Kwao alikuwa mhalifu aliyepatikana hatimaye. Kwa Wahehe waliokuwa wakimficha na kumlisha kwa kuhatarisha maisha yao alikuwa mtawala wao. Hayo tunayafundisha shuleni, na tunaishia hapo.

Tunachokiruka ni kwamba kulikuwa na upande wa tatu. Wasangu wa Merere walikuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka Usangu, wakaenda kuishi ugenini huko Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, na Wajerumani walipokuja wakashirikiana nao dhidi ya Mkwawa hadi wakarejeshwa kwao. Niambieni, Msangu wa mwaka 1898 alikuwa na sababu gani ya kumlilia Mkwawa? (Naona wenzetu wa kutoka Mbarali, nchi ya Wasangu, wanacheka. Chekeni tu, utani huu ni wa halali.) Leo mtoto wa Kisangu anamsoma Mkwawa darasani kama shujaa wa taifa zima, na ni sawa, kwa maana taifa limeundwa baadaye na limechagua kumbukumbu zake. Lakini Idlib ya 2024 isitushangaze sisi, maana tulikuwa na Idlib yetu bonde la Usangu.

Baada ya Mlambalasi vita vya Uhehe vilikwisha. Mtu akisimama hapo tu anaweza kusema kwamba kumwondoa kiongozi ni kuviondoa vita. Lakini miaka saba baadaye, Wajerumani walewale walimkamata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule aliyegawa maji ya dawa, wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu tangu mapigano ya kwanza yaanze Umatumbi. Kama kanuni ya Mlambalasi ingekuwa kweli, Maji Maji ingezimika mwezi ule. Badala yake Liwale iliangushwa mwezi huohuo wa Agosti, boma la Mahenge likavamiwa, na kufikia Septemba vita vilikuwa vimeingia Ungoni na Ubena, ambako Wabena waliushambulia mji wa misheni wa Yakobi, karibu na Njombe.

Tofauti haikuwa katika ukubwa wa mtu wala katika idadi ya waliomlilia. Mwaka 1898 Mkwawa alikuwa amebaki karibu peke yake. Njaa, msako na kujisalimisha kwa watu wake vilikuwa vimekwisha kuifanya kazi kabla ya risasi ya mwisho. Kinjikitile alinyongwa wakati ujumbe wake ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake, umebebwa na wajumbe wengine hadi nchi ambazo hazikuwahi kumwona kwa macho. Maji Maji ilimalizwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala, na njaa iliyofuata, ambayo wanahistoria wanakadiria kwamba pamoja na mapigano iliua hadi watu 300,000. Hata kunyongwa kwa viongozi 67 wa Wangoni kwa mara moja, pale Songea tarehe 27 Februari 1906, kulikuja juu ya nchi ambayo tayari ilikuwa imeanza kulegea kwa njaa.

Mambo kama hayo yamejirudia mbali na kwetu. Israel ilimuua Abbas al-Musawi, kiongozi wa Hizbullah, Februari 1992, na aliyekalia kiti chake ni Nasrallah, aliyekikalia kwa miaka 32. Sheikh Ahmed Yassin, mwanzilishi wa Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, aliuawa Gaza tarehe 22 Machi 2004 akiwa katika kiti chake cha magurudumu, akizikwa na umati mkubwa mno. Mrithi wake, Abdel Aziz al-Rantisi, akauawa kabla hata mwezi haujaisha. Januari 2006 Hamas ilishinda uchaguzi wa bunge la Wapalestina. Sisemi kwamba vifo hivyo ndivyo vilivyoleta ushindi ule, kwa maana uchovu wa watu na rushwa ya watawala waliokuwepo vilikuwa na sehemu kubwa. Nasema tu kwamba waliosherehekea 2004 hawakuwa na chochote cha kuwaonyesha kwamba 2006 inakuja.

Kuhusu Yahya Sinwar, kiongozi wa Hamas aliyeuawa Rafah, Gaza, tarehe 16 Oktoba 2024, nitasema jambo moja tu, la picha. Jeshi la Israel lilitoa video iliyopigwa na ndege isiyo na rubani ikimwonyesha amejeruhiwa, amekaa kwenye kiti ndani ya nyumba iliyobomoka, akiirushia ndege hiyo kipande cha mti. Walioitoa walitaka ulimwengu umwone mtu aliyeshindwa. Wafuasi wake wakaichukua video ileile kuwa picha ya mtu aliyepigana hadi mwisho. Huko Israel walikuwepo waliocheza barabarani, na walikuwepo jamaa wa mateka waliokuwa Gaza, ambao siku hiyohiyo walisimama kuidai serikali yao ifanye makubaliano ya kuwarudisha ndugu zao. Usitishaji wa mapigano ya Gaza uliokuja kuanza tarehe 19 Januari 2025 haukudumu hata miezi mitatu.

Wenye kuua wanajua nguvu ya mwili wa marehemu. Marekani ilimzika bin Laden baharini na kuzificha picha zake, ili pasiwe na kaburi la kuzuru. Wajerumani walikosea kinyume chake, wakakichukua kichwa cha Mkwawa, na kichwa hicho kikageuka kuwa dai: kiliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, likapokewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Nimalizie na Angola, kwa sababu hapo wengi hudhani hoja yangu inavunjika. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, aliuawa mkoani Moxico tarehe 22 Februari 2002, mwili wake wenye matundu ya risasi ukaonyeshwa kwenye televisheni, na Luanda wakashangilia. Tarehe 4 Aprili, wiki sita tu baadaye, vita vilivyoanza 1975 vikatiwa saini ya mwisho. Je, wale wa Luanda hawakuona kweli kwamba amani imefika? Naamini walitamani iwe imefika, na ikatokea kwamba kulikuwa na watu walioifanya ifike. Jeshi la UNITA lilikuwa na njaa, na naibu wa Savimbi, António Dembo, alikufa siku chache baada ya mkuu wake. Serikali ingeweza kuwafuata waliobaki msituni hadi mtu wa mwisho, na baadhi ya waliokuwa wakishangilia wangeipigia makofi. Badala yake, katikati ya Machi ilisimamisha mashambulizi, makamanda wa pande mbili wakakutana Luena, msamaha ukapitishwa bungeni, wapiganaji wakakusanywa kambini pamoja na familia zao, na UNITA ikabaki kuwa chama chenye haki ya kugombea uchaguzi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoonekana katika nyuso za watu wa Luanda usiku ule.

Tena hesabu za nyuma hazikufutika. Savimbi alikuwa amezikwa Luena, na kwa miaka mingi watu wake waliomba wapewe mwili wake. Serikali ya MPLA, chama kilekile kilichopigana naye, iliutoa mwaka 2019, na tarehe 1 Juni alizikwa upya Lopitanga, kwenye kijiji cha wazee wake mkoani Bié, mbele ya maelfu ya wafuasi wake, na waliolia walilia wazi bila kumwogopa askari. Wapo Waangola ambao mpaka leo hawawezi kulisikia jina lake bila kukumbuka mabomu ya ardhini na watoto waliochukuliwa kwenda vitani. Hao nao hakuna aliyewalazimisha kuhudhuria.

Nimeona mikono kadhaa imeinuliwa muda mrefu sasa. Tuanze na mzee wa safu ya mbele, kisha wenzetu wa Mbarali, ambao nadhani wana la kunijibu.