Rula Mgongoni mwa Bomba: Kutoboa na Kukata Hesi Bila Kwenda Mrama

Mtanisamehe nikirudia yaleyale, lakini mabomba yanaendelea kutobolewa kwa jicho. Kwenye bati bapa jicho linatosha. Bomba la duara mgongo wake ni mstari mmoja tu, na kushoto na kulia kwake ni mteremko. Ncha ya biti ikitua pembeni inaufuata huo mteremko, na alama ya senta panchi, ile patasi ya ncha kali ya kuwekea alama ya tundu, haisaidii kitu ikiwa nayo ilipigwa pembeni.

Chukueni bomba la kipenyo cha milimita 25. Ukikosa mgongo kwa milimita 2, bolti inaingia imelala kama digrii 9. Washa inakalia ukingo mmoja, na ukikaza, bolti inapinda shingo.

Sasa fanyeni hivi. Libane bomba kwenye jiliwa, yaani kibanio, ya keekee ya mezani, katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfereji, lisije likapondeka. Mashine imezimwa, jamani, imezimwa! Laza rula nyembamba ya chuma ikatize bomba, kisha shusha ncha ya biti mpaka iigandamize kidogo. Itazame rula. Ikiinamia kulia, ncha imepita kulia kwa mgongo, basi sogeza jiliwa kulia, ujaribu tena. Ikitulia kama maji mtungini, kaza jiliwa mezani, ondoa rula, na usiguse kingine.

Yupo hapo nyuma anayetaka kuniambia, "Fundi, mimi miaka yote natumia jicho." Haya. Jicho linaona kingo za bomba. Mgongo hauna alama, utauonaje? Na rula hiyo haichukui hata nusu dakika.

Anza na biti fupi ya milimita 3, maana ndefu inapinda kabla haijauma. Kwa hesi, ile mifereji ya kushika bolti, ya M6, yaani ya bolti ya milimita 6, maliza na biti ya 5. Si ya 6! Kwenye tundu la 6 tapu, kile chombo cha kukatia hesi tunduni, haina cha kukata. Biti ikikaribia kutokeza, punguza nguvu, kwa sababu bati jembamba huinasa.

Bomba libaki hapohapo. Toa biti, funga tapu kwenye taya zilezile za keekee zilizoshika biti, chomoa plagi ukutani, zungusha taya kwa mkono mara mbili tatu huku ukizisindikiza chini. Legeza taya, tapu ibaki imesimama tunduni, umalizie na mpini wake: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili vyuma vilivyokatwa vivunjike. Na oili.

Naona saa. Haraka haraka: M6 ina hesi moja kila milimita, kwa hiyo ukuta wa milimita 1.5 unakupa hesi moja na nusu, nazo zitachunika. Mimi nataka tatu. Ama tafuta ukuta wa 3, ama chomelea nati. Ukuta wa 2, shuka hadi M4, hesi zake zimebanana zaidi, utapata karibu tatu; tundu la 3.3. Alumini, tumia mafuta ya taa. Tapu iliyokatikia ndani siigusi leo, hiyo inataka siku yake. Maswali?