Hodi Imepigwa, Nani Aitike?

Ndugu zangu, tazameni skrini. Nimefungua Python hapa kwenye Linux na kuandika mistari miwili: import itertools, halafu -1 in itertools.count(). Naitafuta -1 kati ya namba zinazoanzia 0 na kupanda bila kikomo. Haimo, kwa hiyo utafutaji hauishi. Sasa nabonyeza Ctrl+C kuusimamisha. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya.

Wengi hudhani ishara imepotea njiani. Hapana, imefika. Terminali imetuma SIGINT, ishara ya kukatiza programu; keneli, kiini cha Linux, imeifikisha, na kipokezi cha Python, yaani kipande cha programu kinachoitikia ishara, kilichoandikwa kwa lugha ya C, kimeipokea. Lakini kipokezi hicho hupandisha bendera tu, basi. KeyboardInterrupt, kosa linalokatiza programu, hutupwa baadaye, uzi mkuu (mkondo mkuu wa kazi wa programu) ukirudi kwenye baitikodi, yaani maagizo ya Python yenyewe, na kuitazama bendera ile. Sisi bado tumo ndani ya kitanzi cha C. Hodi imepigwa, mwenye nyumba yuko shamba.

Mbona kipokezi kisikate kazi papo hapo? Kwa sababu ishara yaweza kuingia wakati malloc, kitendaji cha C cha kugawa kumbukumbu, imeshika kufuli. Ukiruka kutoka hapo kwa siglongjmp, kitendaji cha C cha kurukia mahali pengine kwenye programu, kufuli halifunguliwi tena, na programu itakuja kuganda baadaye, mahali pengine kabisa. Niliwahi kuhangaika siku mbili na kosa la namna hiyo. Simtakii hata mmoja wenu.

Kwenye miito ya mfumo, yaani programu inapoiomba keneli kazi, tuna nafuu. Tangu Python 3.5, mwaka 2015, mwito ukikatizwa na ishara na kurudisha kosa la EINTR, Python huendesha vipokezi kwanza, kisha huurudia mwito iwapo hakuna kosa lililotupwa. Maktaba ya C haina bahati hiyo. Mwandishi wake lazima aite PyErr_CheckSignals, kitendaji cha kuitazama bendera, ndani ya kitanzi, kwenye uzi mkuu, akiwa ameshika GIL, kufuli kuu la Python. Injini ya re, moduli ya Python ya regeksi (ruwaza za kutafuta maandishi), hufanya hivyo kila mizunguko 4,096. Ndiyo maana regeksi iliyokwama hukatika.

Na kama maktaba si yako? Usiitie kwenye uzi, kwani uzi hauna njia salama ya kuuawa. Ipe mchakato wake, yaani programu mtoto inayojitegemea, kwa moduli ya multiprocessing. Tazameni tena: kitanzi kilekile kimo kwa mtoto, mzazi anangoja. Ctrl+C imewafikia wote wawili. Mtoto hakushtuka, mzazi amepata KeyboardInterrupt, akaita terminate(), na mtoto amekufa hapo hapo. Hiyo ni SIGTERM, ishara ya kuiambia programu ife. Python haikuiwekea kipokezi, kwa hiyo keneli imemaliza kazi yenyewe, na kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, hatukuigusa.