Ofisi ya Wanawake na Nguvu ya Saini

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ofisi na programu ambazo serikali huziunda ili kuwaendeleza wanawake. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: wizara ipo, waziri yupo, sera imechapishwa kwa rangi nzuri, mbona mambo hayasogei? Kabla sijajibu huwa nauliza swali langu. Je, ipo karatasi yoyote serikalini ambayo haiwezi kupita mpaka ofisi hiyo iweke saini? Kama haipo, mnayo ofisi ya kuandaa maadhimisho ya tarehe 8 Machi, na si zaidi ya hapo.

Historia yake si ndefu. Marekani iliunda idara ya wanawake ndani ya Wizara ya Kazi mwaka 1920. Umoja wa Mataifa ulianzisha Kamisheni ya Hali ya Wanawake mwaka 1946. Mkutano wa dunia kuhusu wanawake uliofanyika Mexico City mwaka 1975 ndio uliozihimiza serikali nyingi kufungua ofisi za aina hii, na mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ukapitishwa mwaka 1979. Kisha ukaja mkutano mwingine kama huo, wa Beijing, Septemba 1995, ambapo katibu mkuu wa mkutano alikuwa mama yetu Gertrude Mongella kutoka Tanzania.

Hapo Beijing nataka tusimame kidogo. Watu wanaukumbuka mkutano ule kwa hotuba, lakini mpango kazi wake una maeneo 12, na la nane linahusu ofisi hizi tunazozizungumzia leo. Linasema waziwazi kwamba katika nchi nyingi ofisi za wanawake zimewekwa pembeni mwa serikali, majukumu yake hayaeleweki, watumishi hawatoshi, takwimu hazipo na fedha hazipo. Linataka ofisi hiyo iwe karibu na kilele cha serikali kadiri inavyowezekana, na kazi yake kuu iwe kuhakikisha kila wizara inawafikiria wanawake katika mipango yake. Naomba mlizingatie hilo la kila wizara. Mwanamke anayejifungua anahudumiwa na Wizara ya Afya. Anayedai shamba aliloachiwa na marehemu mumewe anakwenda kwa watu wa ardhi na mahakamani. Ofisi ya wanawake isipoweza kuwagusa hao, itamsaidiaje?

Australia ina somo zuri, na lina uchungu ndani yake. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimteua Elizabeth Reid kuwa mshauri wake wa masuala ya wanawake, wadhifa ambao haukuwahi kuwapo katika serikali yoyote duniani. Barua zilimiminika mpaka ikasemekana kwamba ni waziri mkuu peke yake aliyekuwa akipokea nyingi kumzidi. Baadaye ofisi ya wanawake iliwekwa ndani ya idara ya waziri mkuu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu nyaraka za baraza la mawaziri hupitia kwenye idara hiyo, na anayeziona mapema anaweza kusema neno kabla uamuzi haujafanyika.

Kutoka hapo, mwaka 1984, serikali ya Australia ikafanya jambo lililoigwa na nchi nyingi baadaye: ikazitaka wizara zieleze kwa maandishi bajeti zao zinawagusa vipi wanawake. Waliozoea kusema kwamba programu zao ni za watu wote wakalazimika kuhesabu. Ruzuku ya viwanda inakwenda kwenye viwanda vilivyoajiri nani? Punguzo la kodi linamfaa nani, ikiwa wengi wa wanawake wana vibarua vya saa chache? Binafsi naona faida kubwa haikuwa kitabu kilichochapishwa. Faida ilikuwa kwamba ofisa wa hazina aliketi na kujiuliza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza.

Mwaka 2004 ofisi ile ikahamishwa kutoka kwa waziri mkuu na kupelekwa idara ya familia. Haikufutwa, lakini ilikuwa imetolewa kwenye njia ya zile nyaraka. Tamko la bajeti ya wanawake, yaani yale maelezo ya maandishi, nalo lilikoma mwaka 2014, likarejeshwa miaka kadhaa baadaye. Kilichojengwa kwa utashi wa kiongozi mmoja kinaweza kubomolewa na kiongozi anayefuata bila hata kupigiwa kura.

Ndiyo maana napenda walichofanya Uganda, kwa sababu wao wamekiweka kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka mipango ya bajeti ipewe cheti kinachothibitisha kwamba imezingatia jinsia na usawa. Waziri wa Fedha hutoa cheti hicho kwa kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Tume hupitia mipango ya wizara na kuipa alama. Mniwie radhi nikikaa sana hapa, lakini hii ndiyo saini niliyokuwa naisema. Mkurugenzi wa mipango wa wizara ya barabara hahitaji kuwa na moyo wa huruma. Anahitaji kupata cheti.

Cheti nacho kina hatari yake. Mtu anaweza kujifunza maneno yanayoleta alama na kuyapachika kwenye mpango uleule wa jana. Ufilipino wana sheria inayotaka kila taasisi ya serikali itenge walau asilimia 5 ya bajeti yake kwa jinsia na maendeleo. Ni sharti zuri, lakini taasisi kadhaa zimelaumiwa kwa kulitimiza kwa semina na sherehe, huku ile asilimia 95 ikibaki haijaguswa na mtu. Asiyejua kusoma mchanganuo wa bajeti atadanganywa kila mwaka, kwa hiyo ofisi ya wanawake inahitaji wachumi na wahasibu kama inavyohitaji maofisa wa maendeleo ya jamii.

Niseme machache kuhusu mikopo, maana najua wengi mnaisubiri. Kenya ina mfuko wa biashara za wanawake tangu 2007. Tanzania, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila ofisi ikigeuka kuwa mkopeshaji, watumishi wake wachache wataishia kufuatilia marejesho, na hakuna atakayebaki wa kuuliza kwa nini benki inamdai mwanamke hati ya nyumba iliyoandikwa jina la mumewe.

Mwisho, kwa ninyi mnaotoka kwenye vikundi na mashirika. Bajeti ya Uganda husomwa Juni, lakini waraka wa mwelekeo wake hufikishwa bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, na maelezo ya kila wizara kufikia katikati ya Machi. Kila nchi ina kalenda yake ya namna hiyo. Itafuteni ya kwenu, mjue ni mwezi gani wizara zinapewa ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho hazitakiwi kukivuka, na barua zenu zifike mwezi huo. Anayekuja na bango siku ya hotuba ya bajeti anakuta hesabu zilishafungwa.